Mkono Uliofunga Jina la Wilondja

Baraka, Fizi
Tarehe 9 Novemba 2002

Mpendwa mwanangu Bonaventure,

Jambo nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mke wako na yule mtoto aliyezaliwa huko kambini Lugufu, ambaye mimi baba yako mkubwa namjua kwa jina tu. Homa yake imepoa? Mama yake anapata chakula cha kumtosha kunyonyesha? Na wewe, kifua bado kinakubana wakati wa mvua? Unijibu haya kwanza, mengine baadaye.

Mimi mwili umechoka. Miguu imevimba hadi viatu nimempa jirani, na pumzi inakatika nikisema maneno mengi. Muganga wa lopitali ameacha kuniandikia dawa. Anakuja kunisalimu tu, anakaa, anaulizia mihogo, anaondoka. Nilifundisha hesabu miaka mingi, jumla hiyo naiona bila kuandikiwa ubaoni. Naandika kidogo, napumzika, naanza tena, kwa hiyo ukiona mistari inapanda na kushuka usishangae. Kichwa kiko sawa. Hasira nayo iko sawa, haijavimba wala kukonda.

Vita huku inalala na kuamka. Juzi watu wa Kilembwe wameteremka tena, magodoro kichwani, na wengine wamelala katika madarasa yangu ya zamani. Mihogo inavunwa na wasioipanda. Ndagala tunapata wavuvi wa Ubwari wakithubutu kuvuka, na siku wasipothubutu tunakula sombe, majani ya mihogo, bila kitu.

Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikaisoma tena. Habari ya Siku ya Mapokeo mnayoandaa kambini ilinifanya nikae kitandani wima kama mtu mzima wa afya. Umesema watoto wa huko wanajua foleni ya unga kuliko wanavyojua majina ya babu zao. Basi wapange hao watoto mbele, sio nyuma ya wageni wenye viti. Anza na vitendawili, maana mtoto akishinda kitendawili kimoja hataondoka kabla ya hadithi. Na kama kuna familia ya wafugaji wa milimani karibu nanyi, iite. Mzee Ntagwabira alikuwa akishuka kwetu kila kiangazi kutuimbia nyimbo za kusifu ng'ombe, na baba yako alimtandikia mkeka kwa mkono wake. Vita isikufundishe kusahau hilo.

Nimefurahi pia kwamba mmechonga ngoma. Umeniambia tumbo lake limechimbwa vizuri na midomo yake miwili inatoa sauti mbili kama inavyotakiwa. Fundi huyo mshukuru kwa niaba yangu.

Sasa nafika kwenye ombi lako. Uliandika kwamba siku hiyo mtaziita nyumba zote za ukoo kwa ngoma, na milio yote mmeipata kwa wazee wa huko, isipokuwa mmoja. Mlio wa nyumba ya Mzee Wilondja haujulikani kwa mtu yeyote, na watu wake watakaa pale wakisikia wenzao wakiitwa, wao hapana. Ukaniomba niwatumie.

Wazee wa huko wanaujua, mwanangu. Wamekuficha. Wanaona haya kukuambia mbele ya macho yako kwamba jina hilo lilifungwa, na aliyelifunga ni mimi.

Kwa padri nimekwisha kuungama mengine. Alipoona nimemaliza mapema aliniambia, "Na kusamehe, Mwalimu? Hapo hatujafika." Nikamjibu, "Padri, uniombee pumzi kwanza, hayo mengine yana foleni." Alicheka, lakini hakupenda. Jambo hili nimeliacha kwa ajili yako, kwa sababu linahusu kifo cha baba yako, na hujawahi kuambiwa kifo chake chote. Ulikuwa kijana wa damu moto. Niliogopa utarudi kutafuta bunduki. Leo wewe ni baba wa mtu.

Unaikumbuka Nyumba ya Mapokeo, pale nyuma ya kanisa. Tuliijenga kwa matofali ya udongo, sisi wenyewe, kabla ya vita ya kwanza. Ndani yake mlikuwa na ngoma kubwa, viti vya wazee, vinyago, na vijiko vya mfupa vilivyoshikwa na mababu hadi vikang'aa. Mimi nilikuwa mwenyekiti, kwa kuwa nilisoma. Baba yako Roger alikuwa mlinzi, kwa kuwa alipenda. Katibu alikuwa Albert, mtoto wa mwisho wa Mzee Wilondja, aliyelelewa katika shule ya bweni Bukavu na kurudi na Kifaransa kizuri na kositimi mbili, suti za mjini.

Vita ya pili ilipofika, baba yako alivitoa vile vitu kidogo kidogo, akavificha. Wakubwa wa kamati tulijua mahali, watatu tu. Mnunuzi wa vinyago alikuwa akizunguka huku, na Albert alikuwa amekwisha kuonja bia yake. Baba yako alipokataa kuuza hata kijiko kimoja, Albert alienda kwa askari akawaambia kwamba Roger ameficha silaha.

Walikuja mchana kweupe. Albert alitembea mbele yao akiwaonyesha mlango. Walichimba, wakakuta viti na vinyago, na badala ya kuona haya walikasirika zaidi. Wakampiga baba yako kwa vitako vya bunduki hadi ufukoni. Nilimkuta akiwa bado anaongea. Aliniambia, "Kaka, ni Albert. Alikuwa anabaambia, 'piga, atasema.'" Kisha akaniuliza kama ngoma wameiacha. Nikamwambia wameiacha, ni nzito. Akasema, "Aksanti." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Vitu vingine vyote viliondoka na mnunuzi.

Majirani walitaka niseme kwamba ni watu wa milimani waliotuletea hayo. Ingekuwa rahisi, na kungekuwa na vijana wa kwenda kuchoma. Nilikataa. Aliyemuua ndugu yangu alikuwa wa kwetu, amekula bugali kwenye sahani yetu, na nilitaka kisasi changu kimfikie yeye bila kupotea njiani.

Nilingoja. Watawala wapya walimpa Albert biro, yaani ofisi, wakamwita mkuu wa utamaduni. Akatangaza sikukuu kubwa kwenye uwanja wa mpira, ili wageni waone kwamba Baraka kuna amani na watu wanacheza. Halafu akaja kwangu. Alikaa kwenye kiti cha baba yako, Bonaventure. Alikaa hapo akaweka mguu juu ya mguu.

"Mwalimu," aliniambia, "mimi nataka siku ile ngoma iite jina la baba. Bazee baone mi ndiye kichwa ya nyumba sasa. Ni weye tu unajua kupiga ile mlio."

"Baba yako alitaka kukufundisha," nikamwambia.

"Ah, Mwalimu! Wakati ule nilikuwa na masomo."

"Basi nitaupiga mimi mwenyewe. Wewe sikiliza hapa, ujue wakati wa kusimama." Nikamgongea mlio wa Wilondja juu ya meza hadi akautambua. Alifurahi kama mtoto. Aliniachia sukari. Alipoondoka niliimwaga kwa siafu.

Desturi unaijua, lakini naiandika hapa kwa sababu vijana wenzako wataisoma barua hii. Kila nyumba ina mlio wake, na baba akifa mlio unamwendea mrithi. Ngoma ikiita, mrithi anasimama na kugusa mdomo wa ngoma, naye ndiye nyumba. Mtu akifa bila kuacha mrithi, mpigaji anaita mlio wake, kisha anaufunga kwa kugonga ubavu wa ngoma, pale pasipo na tumbo, penye sauti kavu. Tangu hapo nyumba ile hailiwi nayo wala haisalimiwi. Na mkono uliofunga ndio pekee unaoweza kufungua.

Siku ile walinipeleka hadi uwanjani pamoja na ile ngoma kubwa. Ilikuwa jua kali, bendera, wageni chini ya turubai, watoto wa shule na matawi mikononi. Albert alisema kwenye kipaza sauti habari za urithi wetu, urithi wetu, urithi wetu. Kisha akanipa ishara. Nikapiga mlio wa Wilondja, vizuri, kama alivyonifundisha Wilondja mwenyewe. Albert akasimama, akaja, akagusa mdomo wa ngoma. Mkono wake ukiwa bado pale, nikagonga ubavu.

Vijana hawakusikia kitu. Wageni walipiga makofi. Lakini shangazi zake waliokuwa mstari wa mbele walivua vitambaa vya kichwa, wakashika vichwa, wakaanza kulia kilio cha msiba. Na Albert, mwanangu, Albert aliwapungia mikono! Alidhani ni furaha. Alicheza. Kadiri walivyolia ndivyo alivyocheza. Shangazi yake mkubwa alimpita akamtupia udongo miguuni, naye akainama kumshukuru. Wazee wakainuka mmoja mmoja wakaenda zao, na yeye akarudi kwenye kipaza sauti kuendelea na amani.

Jioni hiyohiyo alinifuata na jasho lake. "Mwalimu, ulipiga muzuri sana! Hata bamama balilia."

"Ndiyo, mwanangu," nikamwambia. "Walilia sana."

Sijawahi kulala vizuri kama siku ile.

Aliyafahamu polepole. Akisalimu, wazee wanatazama ziwa. Wanawake sokoni hawampi samaki mkononi, wanamwekea chini, naye anaokota. Mikutano aliyoita ilikuwa ya viti vitupu, hadi wakubwa wake wakampa biro mtu mwingine. Mke wake alirudi kwao. Siku hizi anakuja kukaa kando ya ua wangu, nje, kwenye jiwe. Mwanzoni alinitukana: "Muchawi weye! Muzee ya karatasi!" Sasa hasemi kitu. Mimi huwaomba wanigeuzie kitanda ili nimwone. Nakuambia haya bila kupamba. Nilifurahi, na nikimwona leo nafurahi. Kama kuna adhabu ya furaha hiyo nitaikuta mbele, siyo mbali.

Basi naungama nini? Siyo Albert.

Naungama Wilondja. Yule mzee alinifundisha ngoma nilipokuwa mwalimu mdogo mwenye kiburi cha chaki. Alinikubali mimi wakati mwanawe alimcheka. Alipokuwa anakufa alinishika mkono huuhuu akasema, "Mwalimu, Albert hatajua kulichunga jina langu. Ulichunge weye." Nikamwahidi. Na siku ya kisasi changu nilitumia jina lake kama kisu, kwa sababu Albert hakuwa na jina jingine. Nilimzika rafiki yangu mara ya pili, pamoja na watu wake wote, wale ulio nao huko kambini ambao hawakumgusa baba yako. Nililijua hilo kabla ya kugonga. Nikagonga.

Tena niligonga kwenye ngoma ya Roger. Kitu alichokishukuria kwa pumzi yake ya mwisho, nilikigeuza silaha. Askari walitafuta silaha ndani ya nyumba ile wakakosa. Mimi nikaipata.

Ombi lako liliponifikia nilitaka kukuandikia mstari mmoja tu, kwamba nyumba ya Wilondja haipo, muendelee. Lakini wachuuzi wa Kazimia walioleta barua yako walikuwa na Suzanne, dada mkubwa wa Albert, yule mjane anayekausha samaki. Alisikia nikisomewa mara ya kwanza, kwa sababu siku hiyo macho yalinikataa. Aliingia bila hodi.

"Mwalimu," alisema, "mudogo wangu alimuuza Roger. Mi najua, na sijakuja kumuombea. Lakini baba yangu alimuuza nani?"

Nikamwambia mrithi wake ni Albert, na Albert amefungwa, na desturi haimpi mwanamke mlio.

"Desturi!" Alicheka hadi mwenye nyumba ya pili akachungulia. "Banaume yenyewe muko wapi? Mmoja alikufa. Mmoja ulimuzika akiwa muzima. Na mwingine ni weye, unashindwa hata kufukuza inzi. Desturi italala kwa nani, kwa samaki?"

Nimefundisha wanafunzi wengi, wachache wamenifunga mdomo namna hiyo. Nikamwambia, "Nikifungua, nafungua kwa baba yako, na anayesimama ni wewe. Albert anabaki alipo."

Alitazama nje, kwenye jiwe la Albert. Ni damu yake, Bonaventure, walilala mkeka mmoja. Mwishowe akasema, "Roger alikuwa ananiletea mafuta ya taa wakati bwana yangu alikufa. Fungua."

Tulifanya jana mchana. Ngoma iko uani kwangu, majirani waliiokota uwanjani baada ya biro ile kumkataa Albert. Suzanne aliwaita wale shangazi wawe mashahidi. Walinibeba na kiti. Mkono wangu haukuweza kuinua mti wa ngoma, basi Suzanne aliushika kwa nyuma, kama mimi nilivyoshika mikono ya watoto wakiandika herufi ya kwanza. Tukapiga pamoja, mkono wangu ndani ya wake. Mlio ulitoka mbovu kidogo, halafu ukatoka sawa.

Albert alikuwa kwenye jiwe lake. Aliposikia alisimama. Nilikuwa nimemfundisha kuutambua, unakumbuka. Alishika miti ya ua kwa mikono miwili, na uso wake, siwezi kukueleza uso wake. Alidhani anaitwa.

Suzanne hakumtazama. Aliweka mti chini, akazunguka, akasimama mbele ya ngoma na kugusa mdomo wake. Shangazi zake wakasema kwa sauti moja, "Wilondja iko." Wakamkumbatia yeye.

Albert akakaa tena chini. Nilimtazama hadi alipokaa kabisa. Nikaomba nirudishwe ndani.

Nadhani unataka kuniuliza kama moyo wangu ulilegea. Ulilegea kwa mzee Wilondja, nililia kama mtoto wa kunyonya. Kwa huyu mwingine, hapana. Mkono uliofunga ndio unaofungua, na mkono huo nitakufa nao katika siku chache hizi. Suzanne anajua mlio, lakini hana uwezo wa kumfungua mdogo wake, hata akizeeka akamhurumia. Ndiyo maana kwa Wilondja sikungoja, na kwa Albert sifungui.

Barua hii anakuletea yeye. Mlio sikuuandika humu, umo mikononi mwake. Mpokee kama mama. Wakisema wazee wa huko kwamba mwanamke hagusi ngoma, waambie wamwulize yeye mwenyewe, na wajiandae kwa jibu.

Siku ikifika ziite nyumba zote. Ukifika kwa Wilondja, Suzanne asimame. Mimi sikuacha mtoto, kwa hiyo baada ya nyumba zote utapiga mlio wangu, kisha utagonga ubavu, kwa mkono wako wewe, wala usiogope. Lakini kabla ya huo piga ule wa baba yako. Tangu walipomwacha ufukoni haujapigwa hata mara moja, kwa kuwa mrithi wake alikuwa ng'ambo ya ziwa. Upige, kisha zunguka usimame mbele, uguse mdomo wa ngoma. Kwa hilo kisasi changu kimekwisha, na mengine ni yako.

Nisalimie mkwe wangu na umbusu mtoto kwa ajili yangu. Wasalimie watu wa Wilondja walio karibu nanyi, uwaambie kwamba Mwalimu anaomba msamaha kwao, kwao tu. Huku shangazi yako Anastasie anakusalimu na anakutumia ndagala kavu ndani ya kikapu cha Suzanne, na jirani yetu Élie, aliyevaa viatu vyangu, anakusalimu pia.

Mungu wa baba zetu akulinde ziwani na nchi kavu, akupe watoto wanaojua wametoka wapi.

Ni mimi, baba yako mkubwa, nikupendaye hadi pumzi hii ndogo iliyobaki,

Henri